Usinunue mitungi miwili kabla hujatulia na mmoja

Juzi usiku nilipata ujumbe kutoka kwa kijana wa Bukavu. "Yaya, jambo. Nimeona picha zako za kuzamia na mitungi ya hewa ubavuni. Nimechanga dola 700. Ninunue mkanda gani na kibofu gani cha kuelea ili na mimi nianze?" Chini yake kulikuwa na picha ya duka la ng'ambo, bei imezungushiwa mstari mwekundu.

Mdogo wangu, nilitaka kukujibu kwa mistari miwili nikashindwa. Jibu fupi ni kwamba usinunue kitu bado. Jibu refu naliandika hapa kwa sababu si wewe wa kwanza kuniuliza. Tangu boti lililotoka Minova lipinduke mbele ya bandari ya Kituku, hapa Goma kwenye Ziwa Kivu, Oktoba 2024, watu wamesimama ufukweni wanaona, vijana wengi wa huku wananitafuta. Wanataka kujua kuzamia ili siku nyingine wasisimame tu. Nawaelewa kabisa, na ndiyo maana siwezi kumruhusu mtu aanzie dukani.

Nianze mbali kidogo. Nimekulia mtaa wa Himbi, hapa Goma. Kila asubuhi kabla ya shule tulitumwa kuchota maji ziwani, kila mtoto na bidoni zake mbili za njano. Tukifika, kabla ya kujaza, tulikuwa tunafunga vizibo vizuri, tunaweka bidoni tupu kwapani, moja kushoto, moja kulia, tunaogelea hadi kwenye mawe meusi ya lava. Mwili ulikuwa unalala juu ya maji bila kupiga hata teke. Kurudi na bidoni zilizojaa, mikono ikivutika hadi magoti, hiyo ilikuwa habari nyingine. Kwa hiyo mtoto wa Goma anajua tangu akiwa na miaka saba kwamba chombo kilekile kinakubeba majini kikiwa kitupu na hakikubebi kikijaa. Nilikuja kulisahau hilo nikiwa mtu mzima, na kulisahau kulinigharimu.

Mara ya kwanza kuona picha ya mzamiaji mwenye mitungi ubavuni, nilisema moyoni, hii ni ya kwetu. Sivyo. Walioianzisha ni wapenzi wa mapango wa Uingereza, miaka ya 1960, waliokuwa wanakutana na vijia vilivyojaa maji ambavyo mtu mwenye mtungi mgongoni hapiti. Wakahamisha mtungi ubavuni. Baadaye wazamiaji wa mapango ya Florida wakautengenezea mikanda yake, na leo watu wanautumia hata baharini peupe. Wenyewe wanauita saidimaunti. Mimi naona inatosha kusema mitungi ya ubavuni.

Ukiuona kwa karibu ni mpango wa akili sana. Shingo ya mtungi inakaa kwapani, imeshikwa na kamba ya mpira inayozunguka mgongoni. Kitako cha mtungi kinafungwa kwa klipu kwenye pete iliyoko nyuma ya nyonga. Ukilala sawa, mitungi miwili inakwenda sambamba na mbavu zako kama mikono ya pili. Kila mtungi una regulata yake, yaani kifaa cha kupumulia, na geji yake ya kuonyesha hewa iliyobaki. Regulata moja inaning'inia chini ya kidevu kwa uzi wa mpira, nyingine ina mpira mrefu wa kupitishia hewa, kama mita mbili, ili mwenzako akiishiwa hewa umpe bila kubanana. Unapumua kushoto kidogo, unabadilisha, unapumua kulia, kila bar 30 hivi (bar ni kipimo cha mgandamizo wa hewa), ili pande zote zipungue pamoja. Koki za hewa ziko mbele ya macho yako. Kwa mtu mwenye mgongo mbovu kama mimi ni neema kubwa, maana unaweza kuingia majini mikono mitupu ukaletewa mtungi mmoja mmoja.

Hivyo ndivyo nilivyoanza kuupenda, na mapenzi yakaniziba macho.

Mwaka 2019 nilifunga safari hadi pwani ya Bahari ya Hindi kujifunza. Pesa ilikuwa ya miaka miwili ya kuuza samaki na kufanya vibarua vya tafsiri. Kituo sitakitaja. Siku ya kwanza mkufunzi alinifunga mkanda wa kilo 8 za risasi kiunoni. (Neno risasi, kwetu Goma, silitamki ovyo. Mpaka leo nayaita mawe ya uzito.) Nikamwuliza kwa nini kilo 8, akasema ndivyo wanavyowapa wote wenye nguo ya kuzamia ya unene wa milimita 5. Nikazama kama jiwe. Ili nisigonge matumbawe ikabidi nijaze hewa kwenye kibofu, ule mfuko wa kuelea ulioko mgongoni, kikanivuta juu. Nikaitoa, nikaenda chini. Siku nne zilipita hivyo, miguu chini, kichwa juu, kama mtu anayepanda ngazi ndani ya maji. Siku ya tatu nilimsikia akimwambia mwenzake kwa Kiingereza, akidhani sisikii, kwamba mimi ni mtu wa milimani, mniache tu. Miaka imepita na sentensi hiyo bado naisikia vilevile ilivyotamkwa.

Lakini alitia sahihi. Nami nikakipokea cheti. Hapo ndipo kosa langu lilipo, si pale kwake. Nilijua siwezi kutulia majini hata dakika moja, nikakichukua kwa sababu nilikuwa nimelipa, na kwa sababu nyumbani walikuwa wananisubiri kwa fahari. Nikanunua mkanda, kibofu, regulata mbili, nikarudi Goma na begi zito. Hapa hakukuwa na mtu wa kunisahihisha. Picha zilipendwa sana.

Agosti 2022 tulikuwa wawili, tunatafuta injini ya boti iliyoanguka karibu na bandari. Nilikuwa na kilo zangu 8 zilezile. Mita 13, maji ya kijani, mitungi imebaki na bar 60 kila mmoja. Vitako vya mitungi vikaanza kupanda. Mitungi ya alumini ndivyo ilivyo: ikijaa inazama, ikikaribia kwisha inataka kuelea, na inaanzia kitakoni. Miguu yangu ikainuka nayo. Nikashtuka, nikapiga teke kujirekebisha, teke likanipandisha mita moja, hewa iliyokuwa kwenye kibofu ikapanuka, ikanipandisha nyingine. Niliitafuta kamba ya kutolea hewa kwa mkono wa kulia, ikawa imebanwa chini ya mtungi. Kuanzia mita 8 sikuwa na amri tena. Kitu pekee nilichofanya sawasawa ni kutoa pumzi njia nzima, sikuibana. Nilichomoka juu ya maji hadi kifuani. Sikio la kushoto liliziba wiki tatu.

Mwenzangu alipopanda, taratibu, na kusimama kwanza ndani ya maji, pale anaposimama kila mara kwa usalama, alivua miwani akaniambia: "Wewe umebeba vifaa. Hujavivaa." Ni mtu wa maneno machache, hakuongeza.

Nikakaa chini na kalamu. Mtungi wa lita 11 ukiwa na bar 200 una lita 2,200 za hewa, na lita moja ya hewa ina gramu kama 1.2. Hiyo ni zaidi ya kilo 2 na nusu ndani ya mtungi mmoja. Mitungi miwili, zaidi ya kilo 5. Ukipumua karibu yote, umepoteza kilo 5 za uzito bila kushusha kitu. Bidoni langu la utotoni lilikuwa limenifundisha hesabu hii, nami nikaenda kulipia ng'ambo nisiielewe.

Ikaja ya pili. Maji ya bahari ni mazito kuliko ya ziwa. Mtu pamoja na vifaa vyake wakifika kilo 110, akitoka baharini kuja ziwani anapaswa kupunguza kilo mbili na nusu hadi 3. Mimi sikupunguza hata gramu. Uzito uliozidi unaulipa kwa hewa nyingi kwenye kibofu, na hewa hiyo ndiyo inayokurusha juu. Nilipopima vizuri, nikiwa mita 3, kibofu kitupu, bar 50 kila mtungi, napumua kawaida, nilitulia na kilo 3. Kilo 3, mdogo wangu! Nilikuwa natembea na 5 za bure, tena zote kiunoni, wakati mahali pake ni kwenye uti wa mgongo, kati ya mabega na nyonga, ili mwili ulale.

Nenda pale kwenye sanamu ya chukudu, kile kigari chetu cha mbao cha magurudumu mawili, uwaangalie wanaoshuka na viazi kutoka Kibumba. Hakuna anayepakia gunia zote nyuma. Anapakia, anainua mshikio, anapima, anashusha, anasogeza gunia kwa upana wa kiganja, anapima tena. Anaweza kutumia nusu saa kabla ya kuanza kushuka. Mimi nilikuwa sitaki kutumia dakika 10.

Miezi minne niliweka mitungi ya ubavuni chini ya kitanda. Nikarudi kwenye mtungi mmoja wa mgongoni. Tulifunga kamba kwenye bidoni tupu, chini jiwe, kamba ina fundo kila nusu mita. Kazi yangu ilikuwa kuweka jicho kwenye fundo la mita 4 na kubaki hapo, bila mkono, bila teke, kwa pumzi tu. Ukivuta pumzi hupandi papo hapo. Kuna kuchelewa kidogo, ndipo mwili unainuka. Ukisubiri uinuke ndipo utoe pumzi, umechelewa. Unatoa kabla. Ni jambo la kuchosha na hakuna atakayelipiga picha. Wiki ya sita jicho langu lilikuwa halitoki kwenye fundo.

Mitungi ya ubavuni ilipotoka chini ya kitanda, nilijifunza pia kuhamisha klipu. Hewa ikipungua na kitako kikianza kuinuka, unafungua klipu ya nyuma unaifunga kwenye pete ya mbele ya kiuno, na mtungi unarudi kwenye mstari wa mbavu. Sekunde tano. Lakini huwezi kuzifanya sekunde tano hizo kama unahitaji mikono yako kuogelea. Jumamosi iliyopita nilikaa mita 5 dakika 20, nikabadilisha regulata, nikahamisha klipu pande zote mbili, fundo halikutoka machoni. Nilitoka majini nikalia, na sioni haya kulisema.

Sasa yale yanayohusu huku kwetu, ambayo mkufunzi wa pwani hatakuambia. Ziwa Kivu liko mita 1,460 juu ya usawa wa bahari. Mgandamizo wa hewa hapa ni kama bar 0.85. Kwa hiyo hewa ya kibofu inayoongezeka mara mbili baharini ukipanda kutoka mita 10, hapa inaongezeka mara mbili kutoka mita 8 na nusu hivi. Na mita 18 za Kivu, kwa hesabu ya nitrojeni inayoingia mwilini unapopumua chini ya maji, zihesabu kama 21. Hakikisha kompyuta yako ya mbizi inajua uko mlimani. Kwa sababu ya nitrojeni hiyo, baada ya kuzamia usipande gari kwenda milima ya Masisi, wala wewe wa Bukavu usipande mlimani Tshivanga, wala mtu asikupeleke kwenye volkano ya Nyiragongo, karibu mita 3,500, kesho yake asubuhi. Mimi nasubiri siku nzima.

Watu wananiuliza kama gesi ya ziwa haitanilipukia. Methani na kaboni dioksidi ya Kivu imelala chini sana, mamia ya mita, imeshikwa na mgandamizo wa maji. Hutafika huko. Unayopaswa kuiogopa iko nchi kavu: mazuku. Ni kaboni dioksidi inayotoka ardhini, nzito kuliko hewa, inakaa kwenye mabonde madogo ya lava, upande wa Bulengo inaua mbuzi na inaua watoto. Ukiweka kompresa ya kujazia mitungi kwenye shimo kama hilo, unafungia mazuku ndani ya mtungi na kwenda kuipumulia chini ya maji. Mdomo wa kompresa uwe juu, penye upepo, mbali na moshi wa injini. Hapa sibembelezi mtu.

Basi, mdogo wangu, na wote mnaosoma. Punguzeni uzito. Pimeni mwisho wa mbizi, mitungi ikiwa karibu na kwisha, si mwanzo. Jifunzeni kutulia kwanza, na mtungi mmoja, mwili umelala. Mkufunzi akikupa kilo 8 bila kukupima, mwulize tena. Akikucheka, ondoka, hata kama umelipa. Na akitaka kukupa cheti usichostahili, kiache mezani kwake. Tunataka siku moja tuweze kushuka tumlete mtu wa watu, na yule aliye chini hawezi kungojea mzamiaji ambaye bado anapigana na mkanda wake.

Tangu vita vya Januari 2025 kuleta kifaa hapa ni safari ndefu na ghali, kwa hiyo hizo dola 700 usizitume popote sasa. Panda boti uje Goma. Tunaanza saa moja asubuhi, kabla upepo haujaamka. Lete mapezi yako na miwani. Kamba na bidoni tunavyo.