Unaanza kazi ya mipango ya maafa na tabianchi kwenye jamii? Anza na ramani

Mnaoanza kazi hii, tafadhali msiende kwa wananchi na mpango ulioandikwa tayari mkitafuta sahihi tu. Anza na ramani, wape karatasi kubwa au hata wachore chini kwa kijiti, wanaume yao na wanawake yao, utashangaa. Wanaume mara nyingi wanaanza na barabara na daraja, wanawake watakuonesha kile kinjia cha kwenda kuchota maji ambacho mvua ikipiga kidogo tu hakipitiki, na nyumba ya bibi asiyeweza kutembea, ambayo ramani ya ofisini haiijui kabisa. Wazee nao waulize maji yalifika wapi mwaka ule mbaya, wakikuonesha alama ukutani pima hapohapo kwa futikamba, hiyo ni data.

Ila msiishie kwenye kumbukumbu, tabianchi inabadilika na mvua zijazo zinaweza kupita zote wanazozikumbuka, kwahiyo watu wa hali ya hewa mnawahitaji. Alafu kuna hii inachanganya wengi: mafuriko ya "miaka 100" sio kwamba yakija leo basi mmepumzika miaka 100. Ni uwezekano wa asilimia 1 kila mwaka, mtu akiishi hapo miaka 30 uwezekano wa kuyaona angalau mara moja ni kama asilimia 26, yaani zaidi ya robo! Mwambie hivyo mtu anayetaka kujenga, atakuelewa fasta.

Kwenye tahadhari someni ya Bangladesh. Kimbunga cha 1970 kiliua watu wasiopungua 300,000, mwaka 1972 wakaanza mpango wa watu wa kujitolea wanaopita vijijini na vipaza sauti na bendera, vimbunga bado vinapiga ila vifo vimeshuka sana. Kwahiyo kwenye mpango wenu andikeni majina: nani anamgongea nani, ufunguo wa shule mtakayokimbilia anao nani, na akisafiri je? Zoezi fanyeni na usiku pia, ndo mtajua kama kipaza sauti kina betri.

Kuhusu kuta za mto mimi sio shabiki sana, ukuta unaokinga mtaa wenu unaweza kuwasukumia maji wa upande wa chini, kaeni nao kwanza kabla hamjamwaga zege.