Jikoni na Shangazi: Pupusa zinanipasukia

SWALI: Shangazi, assalaam alaykum. Mume wangu ni baharia. Meli yao ilipotia nanga Acajutla, kule El Salvador, alilishwa mikate ya mahindi iliyojazwa maharagwe na jibini, waiita pupusa, na tangu arudi hana wimbo mwingine. Nimejaribu kwa unga wa ugali. Kingo zapasuka, maharagwe yamwagika kwenye chuma, na mkate wenyewe wabaki kumomonyoka. Nakosea wapi? – Msomaji, Kisauni

JIBU: Waalaykum salaam, mwanangu. Mkono wako hauna kosa, kosa ni la unga. Unga wa ugali ni mahindi makavu yaliyosagwa basi. Hata uukande mpaka alfajiri hautashikana. Wenzetu huyachemsha mahindi kwa chokaa kwanza. Chokaa hulegeza lile ganda la punje, na donge likapata kunata.

Chokaa yenyewe haiko mbali: ni ile ya wauza tambuu. Chagua nyeupe tupu, isiyotiwa rangi wala manukato, na usithubutu kuchukua ya kupakia kuta. Kilo moja ya mahindi meupe makavu yataka kijiko kikubwa kimoja cha chokaa na maji lita 3 hivi. Sufuria isiwe hizi zetu za alumini, chokaa huzila. Tafuta ya stili. Chemsha mpaka ukiifikicha punje kwa vidole ganda litoke, kisha epua, funika, yalale humo usiku kucha. Asubuhi yaoshe kwa maji mengi, ukiyasugua, mpaka maji yatoke safi. Usiyapeleke kwa mwenye kinu cha posho, mahindi ya maji atakufukuza nayo. Yapitishe mashine ya kusagia nyama mara mbili, tia chumvi, ukande kwa maji kidogo kidogo hadi ukilibonyeza donge lisipasuke ukingoni.

Ni kazi, sikufichi. Ningekuwa wewe ningeanza na mchele. Usidhani nakudanganya: Olocuilta, mji ulio karibu na San Salvador, umejipatia jina kwa pupusa za unga wa mchele. Na unga wa mchele ni nani atakayetufundisha sisi wa Pwani? Mimina maji ya moto kwenye unga na chumvi, koroga kwa mwiko, likipoa kiasi cha kustahimilika ulikande.

Sasa vya kujazia, na hapa ndipo wengi huharibu. Maharagwe mekundu yakishaiva yaponde, yakaange na kitunguu mpaka yaachane na sufuria, yapoe kabisa. Yakiwa na rojo yatamwagika tu, hata unga uwe mzuri namna gani. Changanya na jibini ya kuyeyuka. Mozarela ya supamaketi yafaa. Kule hutia na nguruwe, lakini kima ya ng'ombe iliyokaushwa vyema yatosha.

Paka viganja maji na mafuta. Chukua tonge kubwa kuliko yai, libonyeze katikati liwe kama kibakuli, tia kijiko cha vitu vyako, vuta kingo zikutane juu, ubane. Kisha lipigepige kwa viganja huku walizungusha, liwe bapa. Kifimbo cha chapati kiweke kando, kitatoboa. Chuma kiwe cha moto, mafuta ya kupaka tu, dakika 4 hivi kila upande. Jibini ikichungulia pembeni ikaungua kidogo, iache. Hapo ndipo patamu.

SWALI: Shangazi, pupusa naweza kula na kachumbari yetu? – Msomaji, Likoni

JIBU: Waweza, nani atakukataza, ila utakuwa umejinyima. Wao hula na kabeji iliyochachushwa, waiita curtido. Katakata kabeji nyembamba, imwagie maji yanayochemka, ichuje papo hapo. Tia karoti ya kuparuza, kitunguu, siki, chumvi na oregano kavu, uiache kwenye friji mpaka kesho yake. Nyanya haimo humo. Nyanya huchemshwa peke yake, ikasagwa ikawa rojo jepesi la kumwagia juu, nalo halina ukali. Mwenye kutaka pilipili ajitilie sahanini mwake. Na vijiko usivitoe, huliwa kwa mkono.