Mfereji haufuati mtaa

Msomaji wa Langoni, Lamu, ametuandikia kwa uchungu. Nyumba kumi na nne zilichanga kuzibua mfereji, na wiki mbili baadaye maji machafu yalikuwa mlangoni tena. Sasa majirani hawasemezani.

Walichanga kimtaa, na hapo ndipo walipokosea. Maji ya Lamu hushuka hadi pwani, na kila nyumba inayomwaga mferejini ni mwanachama wa kikundi, apende asipende mwenyewe. Maji yakipwa, anzeni mdomoni mwa mfereji, mpande nao, mwandike kila bomba linaloingia: la bafu, la jikoni, la choo. La choo ndilo litakaloleta ugomvi. Mwenyewe apewe tarehe ya kulihamishia shimo la choo, na kazi isianze kabla ya hiyo tarehe, maana fundi hawezi kufuta kinachomwagwa kila asubuhi.

Huko Bangkok, Thailand, mpango wa serikali wa kuboresha makazi ya maskini, Baan Mankong, ulioanza 2003 uliwakuta watu wa mfereji wa Bang Bua wakiishi juu ya nguzo majini. Jamii za kandokando ziliungana kufuata mfereji wao. Kikundi kilitakiwa kiwe na akiba ya asilimia 10 ya mkopo kabla ya kukopa, na ardhi ilikodishwa kwa miaka 30 kwa ushirika wenyewe, si kwa mtu mmoja mmoja. Nyumba zikarudishwa nyuma, ikapatikana njia ukingoni.

Kwetu Kenya, Sheria ya Usajili wa Vikundi vya Kijamii ya 2022 inataka watu 10 tu kusajili kikundi. Watia saini wa benki wawe watatu: wa juu ya mfereji, wa katikati na wa chini kabisa. Huyu wa mwisho ndiye anayeumia kwanza, basi sauti yake isikosekane.

Kazi ifanywe Februari, kabla ya masika. Zibueni kutoka chini kwenda juu, la sivyo taka za juu zitajirundika palipoziba. Tope lisiachwe ukingoni, mvua ya kwanza italirudisha. Punda wa kulibeba aitwe siku hiyo hiyo. Mteremko usipungue sentimita 1 kwa kila mita, nao hupimwa kwa mpira mwembamba unaoonyesha maji ndani. Mifuniko iwe mifupi, sentimita 50, yenye vishikio, watu wawili waiinue. Anayemwaga zege mbele ya mlango wake amewafungia wenzake wote.

Ukuta wa matumbawe uzibwe kwa chokaa sehemu 1 na mchanga 3 usio na chumvi. Saruji hubana unyevu, na chumvi ikabaki kulila jiwe. Mji wa Kale ni urithi wa dunia tangu 2001, kwa hivyo pitieni ofisi ya uhifadhi ya Makumbusho ya Taifa kabla ya kuvunja chochote.

Siku za bamvu, maji yanapojaa kupita kawaida, bahari huingia mdomoni na mfereji hujaa hata ukiwa safi. Msimlipe mtu siku hizo. Ngojeni maji yapwe, ndipo mtajua kama pameziba kweli.