Kabla Hujanunua Altezza Iliyotembea Kilomita Laki Mbili

Vijana wakiliona gari langu limeegeshwa Ngamiani, swali la kwanza huwa ni kilomita. Nikiwaambia limeshavuka laki mbili, wengi hukunja uso na kuanza kunisimulia la rafiki yao wa Dar lenye elfu tisini tu. Mimi naendesha Altezza RS200 ya gia za mkono, na nimeshawasindikiza jamaa kadhaa hapa Tanga kukagua za kwao kabla hawajatoa hela. Kwenye gari la spoti la bei nafuu, kilomita ndicho kitu cha mwisho ninachokitazama. Lililotembea 210,000 huku likibadilishwa oili kwa wakati lina usalama zaidi kwa mfuko wako kuliko linalodai 90,000 na limepita mikononi mwa vijana watano, kila mmoja akakata kitu, akaongeza kitu, akaliuza.

Magari haya yana bei ya kufikika kwa sababu ni ya zamani. Toyota iliunda Altezza kuanzia 1998 hadi 2005, kwa hiyo hata ya mwisho kutoka kiwandani ni mtu mzima sasa. Kuagiza moja kutoka Japani leo ni kujitwisha ushuru wa uchakavu juu ya ushuru mwingine wote, ndiyo maana wengi wetu tunanunua zilizokwisha kuingia nchini, namba B, namba C, namba D. Hiyo herufi, ya kwanza kati ya tatu za mwisho kwenye kibao cha namba, ni ya kuizingatia. Gari la namba B limekula barabara zetu miaka mingi, na kilomita ilizokuja nazo kutoka Japani zinajumlishwa na hizo zote. Muuzaji akikwambia namba B ina elfu themanini, piga hesabu mwenyewe.

Jambo la pili ni kujua unauziwa Altezza ipi. RS200 ina injini ya 3S-GE, silinda nne, na ile ya gia sita za mkono ilitoka kiwandani na nguvu farasi 210. AS200 ina injini ya 1G-FE, silinda sita, farasi 160. Kwa nje zinafanana mno, na nembo ya RS200 inauzwa dukani kama stika nyingine yoyote. Fungua boneti, tafuta bamba dogo la chuma, usome. Likisema SXE10, hiyo ni ya silinda nne. Likisema GXE10, hiyo ni ya silinda sita, haidhuru nyuma pameandikwa nini.

Mtu anayenunua gari lake la kwanza la aina hii namshauri achukue ya silinda sita, ingawa mimi mwenyewe naendesha ile nyingine. 1G-FE imo pia kwenye Mark II GX110 zilizojaa nchini, kwa hiyo spea zake hazisumbui na mafundi wameizoea. 3S-GE ya Altezza, yenye VVT-i (mfumo wa kurekebisha muda wa valvu kufunguka) pande zote mbili, ya hewa inayoingia na ya moshi unaotoka, haikuwekwa kwenye gari lingine. Ikifa sensa au koki ya VVT-i unaanza kupiga simu Gerezani na Kariakoo, unatuma pesa, halafu unasubiri mzigo ushuke na basi stendi ya Kange. Ukipata kitu chenyewe siku hiyohiyo, shukuru. Injini hii pia ina mgandamizo mkubwa, 11.5 kwa 1 kwenye gari la gia za mkono, na Wajapani waliikusudia petroli ya oktani ya juu. Ukiisikia inagonga ukipanda kilima kwa gia kubwa, usiiachie iendelee hivyo.

Sasa hizo kilomita. Kurudisha namba za dashibodi ni kazi ndogo, na anayeifanya hakumbuki kufuta alama nyingine zote. Niliwahi kuitwa Chumbageni kuangalia Altezza nyeupe, safi, dashibodi inasoma 87,000. Kwenye kava la mkanda wa taimingi palikuwa na kistika cha gereji ya Japani, kimefifia lakini kinasomeka: mkanda umebadilishwa kilomita 103,000, mwaka 21. Mwaka huo ni wa kalenda yao ya Heisei, jumlisha 1988 unapata 2009. Yaani mkanda ulibadilishwa kwenye kilomita ambazo gari linadai halijazifikia. Nilimwonyesha dalali kwa kidole. Akasema, "Kaka, hiyo itakuwa ya gari nyingine." Tukaagana kwa heshima.

Kwa hiyo soma stika. Ziko kwenye kava la mkanda, pembeni mwa mlango wa dereva, wakati mwingine chini ya boneti. Tazama mpira wa pedali ya klachi: ukiwa umelika hadi chuma huku dashibodi inasema elfu themanini, kuna mmoja anadanganya. Tazama usukani mahali mkono wa kulia unapokaa na ukingo wa kiti upande wa mlango, maana hapo ndipo mtu anapojisugua kila anaposhuka. Kama muuzaji ana karatasi ya mnada wa Japani, linganisha namba ya chasisi herufi kwa herufi.

Huo mkanda wa taimingi nao usiuchukulie kirahisi. Injini zote mbili zinatumia mkanda wa mpira, na muda wake ni kilomita 100,000. Ukikatika gari likiwa kwenye mwendo, valvu zinakutana na pistoni na unaanza kutafuta injini nyingine. Kama muuzaji hana ushahidi wa lini ulibadilishwa, hesabu kwamba haujabadilishwa, na uondoe gharama yake kwenye bei, pamoja na pampu ya maji na tensheni, kwa sababu fundi akishafungua kote huko ni upuuzi kuviacha vya zamani.

Nenda kuliona gari asubuhi mapema, na umwambie muuzaji asiliwashe kabla hujafika. Ukifika, weka kiganja juu ya boneti. Ikiwa ina joto, amelipasha, na kuna sababu. Subiri lipoe au rudi kesho. Injini ikiwa ya baridi, fungua kifuniko cha oili utazame ndani: ute mweupe kama maziwa maana yake maji yamekutana na oili. Halafu mwachie mwenzako awashe, wewe simama nyuma kwenye ekzosi. Moshi wa bluu unaotoka mara tu likiwaka kisha ukapotea ni sili za valvu, na hilo linaweza kuvumilika kwa bei nzuri. Wa bluu usiokoma ukikanyaga mafuta ni ringi, hilo liache. Mweupe mzito unaoendelea hata gari likishapata joto, nalo liache. Kama unatazama Toyota Celica badala ya Altezza, zile za mwanzo kuja na injini ya 1ZZ zinajulikana kwa kula oili kwa sababu ya pistoni na ringi zake, hivyo ukikagua Celica chomoa kijiti cha oili kabla hujafanya lolote.

Hapa Tanga kuna jambo moja linaloua injini hizi kimyakimya. Ni maji. Ardhi yetu ni ya mawe ya chokaa, ndiyo iliyochongwa na maji hadi tukapata mapango ya Amboni, na maji ya visima vingi ni magumu. Mtu anajaza rejeta kwa maji ya kisima miaka na miaka, chokaa inaganda ndani, njia zinaziba, gari linaanza kupandisha joto. Anakwenda kwa fundi, na fundi anatoa themostati. Joto linashuka, kila mtu anafurahi. Lakini themostati iliwekwa ili injini ifike joto lake haraka na ibaki hapo. Bila hiyo injini inafanya kazi ikiwa baridi, inakula mafuta, inalika, na tatizo lenyewe la rejeta au gasketi ya silinda hedi linakuwa limefichwa tu. Unaliona siku ya safari ndefu.

Kulibaini si kazi. Likishawashwa, tazama mshale wa joto. Gari zima lenye themostati mshale hupanda, hufika karibu na katikati, husimama. Likiendeshwa mwendo wa barabara kuu na mshale ukarudi chini, themostati haipo au imekufa ikiwa wazi. Muulize muuzaji kwa upole kwa nini iliondolewa, halafu nyamaza umsikilize. Fungua pia kifuniko cha rejeta likiwa la baridi kabisa. Maji yenye rangi ya kutu yanakueleza matunzo ya miaka yote. Kama ni ya kijani au mekundu na safi, mwenye gari amekuwa akinunua kulanti, na mtu anayenunua kulanti kwa kawaida hununua na oili nzuri.

Bahari nayo ina yake. Gari lililokuwa linalala Raskazone linavuta chumvi usiku kucha, na mengine yalishaanza kutu huko Japani kwenye mikoa ya theluji wanakomwaga chumvi barabarani. Liingize kwenye shimo la fundi ukague chini kwa tochi: mabomba ya breki, sehemu za kushikia shokapu, kingo za sakafu. Gongagonga kwa bisibisi. Rangi mpya nyeusi iliyopakwa chini yote ni ya kutilia shaka, gongea hapo zaidi. Ukiwa shimoni, mwambie fundi aingize mtaimbo kwenye boljointi za chini za mbele. Ni udhaifu unaojulikana wa Altezza, na ikichomoka tairi la mbele linakunjika gari likiwa linatembea. Zikicheza hata kidogo, zinabadilishwa kabla ya safari yoyote, hata ya kwenda Pongwe.

Gari lililochezewa silitaki. Springi zilizokatwa kwa msumeno ili likae chini, waya za taa zilizounganishwa kwa selotepu, fyuza iliyofungwa kwa waya. Filta ya hewa ya wazi, ile ya koni, inasikika vizuri ukikanyaga, lakini kwa vumbi la barabara zetu za ndani, nyingi ya zile za bei rahisi zinapeleka mchanga moja kwa moja kwenye silinda. Altezza ilitwaa tuzo ya gari la mwaka la Japani ya 1998–1999 ikiwa na springi zake na filta yake ya kiwandani. Ukiikuta hivyo, hata rangi ikiwa imepauka, ichukue kwa uzito kuliko ile inayong'aa yenye boksi la spika.

Kwenye kuendesha usikubali kuzungushwa mtaani tu. Toka hadi barabara kuu, pita Pongwe, fika Muheza kama muuzaji anaridhia, na mafuta lipa wewe. Gari likishapata joto, rudisha gia kutoka ya tatu kwenda ya pili mara kadhaa: ikikataa au ikisaga, sinkro zimechoka. Weka gia ya nne kwa mwendo mdogo, kanyaga mafuta hadi chini. Mshale wa mizunguko ukipanda na gari lisiongeze mwendo, klachi imekwisha. Achia mafuta ukiwa kwenye mwendo na usikilize nyuma, mlio wa kuvuma unaokuja na kuondoka ni wa difu. Mkirudi, injini ingali na joto, fundi atoe plagi zote apime kompresheni kwa geji. Namba zenyewe zikiwa nzuri na silinda zisipishane zaidi ya paundi 15 hivi, nusu ya wasiwasi wangu imeondoka. Subaru WRX hukaguliwa hivyohivyo, na zaidi ya hapo sikiliza mlio wa kugonga kutoka chini, maana turbo na beringi zake hazisamehe oili iliyochelewa. Mazda RX-8 kipimo hiki hakiitoshi. Injini yake haina pistoni na inahitaji geji yake maalumu, kwa hiyo kama huna mtu wa kukupimia hivyo, ipite tu hata ikiwa ya bei ya kutupa.

Pesa ya kununulia isiwe pesa yote uliyonayo. Mimi huwaambia wadogo zangu: kwa kila milioni unayonunulia, laki tatu ibaki pembeni, usiiguse hadi gari liwe mikononi mwako. Hiyo ni ya mkanda, oili zote za injini, giaboksi na difu, plagi, boljointi, matairi kama ni ya zamani. Soma tarakimu nne za ubavuni mwa tairi, mbili za mwisho ndizo mwaka lilipotengenezwa. Mwenye milioni nane kamili anunue gari la milioni sita.

Makaratasi yana haraka yake pia. Namba ya injini na ya chasisi zilingane na kadi, kwa sababu Altezza nyingi zimeshabadilishiwa injini na mabadiliko hayakuandikwa popote. Angalia madeni ya faini za trafiki kwa namba ya gari, na ya maegesho ya TARURA (wakala wa barabara za mijini na vijijini), kisha muuzaji ayalipe mbele yako. Anayekuuzia awe ndiye aliyeandikwa kwenye kadi, au awe na maandishi yanayompa mamlaka hayo. Mkataba muusaini kwa wakili, na uhamisho wa umiliki TRA uanze wiki hiyohiyo, kabla muuzaji hajabadilisha namba ya simu. Kadi ikitoka kwa jina lako, mwage oili, ubadilishe mkanda, ujaze kulanti na themostati mpya, ndipo uanze kuzungumzia safari ya Lushoto.