Kabla hujasema ruta imekufa, soma hii

Jana kijana mmoja kanitumia meseji, "Shikamoo kaka, nina ruta mbili za Cisco za zamani, laini ya ISDN inapiga, upande wa pili unapokea halafu inakata hapohapo, ruta mbovu au?" Nilicheka kwanza, manake hii ngoma naijua. (Ruta ni kifaa kinachounganisha mitandao, ISDN ni laini ya simu ya kidijitali ya zamani.)

Nilikuwa Uingereza, kampuni moja ya maghala, makao makuu London na tawi Leicester. Usiku tawi linatuma hesabu za mzigo kwa ISDN, yaani ruta inapiga simu, inatuma, inakata, na bili inakuja kwa dakika. Siku moja tawi likapotea. Akaletwa mtaalamu wa kukodi, suti na tai, akakaa nusu saa akasema ruta ya Leicester imekufa nunueni nyingine, halafu akauliza mbele ya bosi eti hii nani aliikonfigu. Ni mimi. Bosi hata hakuniangalia, na hilo mpaka leo linaniuma sitaki kudanganya.

Walipoondoka nikapiga show isdn status. Hapo ndo pa kuanzia ndugu zangu, anza chini. Layer 1 ACTIVE, maana yake waya na kiboksi cha ukutani viko poa. Layer 2 MULTIPLE_FRAME_ESTABLISHED, maana yake ruta inaelewana na swichi ya kampuni ya simu, sasa maiti gani hiyo inaongea? Nikawasha debug ppp authentication, yaani ruta inionyeshe hatua za kutambuana na mwenzake kwenye PPP (lugha ya ruta mbili kuongea kwenye laini), nikaiping London, simu ikapita, CHAP, yaani ukaguzi wa jina na pasiwedi, ikagoma. Kumbe jamaa wa London wamebadilisha hostname, yaani jina la ruta yao, na hawajamwambia mtu! CHAP inajitambulisha kwa hostname, kwa hiyo huku lazima kuwe na username yenye jina lilelile, na pasiwedi ifanane pande zote mbili. Nikaongeza username, nikarekebisha jina kwenye dialer map (mstari unaosema nani apigiwe kwa namba gani), laini ikashika. Mistari miwili tu, na yule wa tai alishalipwa.

Kwa hiyo dogo, anza chini. Angalia isdn switch-type, yaani aina ya swichi ya kampuni ya simu, Uingereza na sehemu kubwa ya Ulaya ni basic-net3, Marekani ni nyingine na mara nyingi wanataka na SPID, namba ya kutambulisha laini yako. Halafu majina, halafu pasiwedi, halafu majina tena.

Ikishashika usishangilie, angalia dialer-list, yaani orodha ya trafiki inayoruhusiwa kupigisha simu. Ukiruhusu ip yote, hata RIP inayotangaza njia kila sekunde 30 inahesabiwa kama kazi, na ruta kwa kawaida inasubiri sekunde 120 za kimya ndo ikate, sasa hicho kimya kitatoka wapi? Laini inakesha na bili inakesha nayo. Weka static route, yaani njia unayoiandika mwenyewe, RIP ifunge kwa passive-interface isitangaze kwenye laini hiyo. Na ukiunganisha chaneli mbili za 64 upate 128 ujue unalipa simu mbili.

Najua kuna watakaosema ISDN ya wazee, Uingereza yenyewe wanaizima Januari 2027. Sawa, lakini PPP na CHAP bado zipo kwenye PPPoE za leo, yaani PPP juu ya laini za intaneti, na vijana wengi mnakimbilia kununua kifaa kipya kabla hamjasoma debug hata mstari mmoja, acheni hizo, someni.

Dogo, nitumie debug ya ruta zote mbili, na konfigu pia, ila futa pasiwedi kwanza.