Usiiite namba ndefu tasa kwa sababu moja tu

Msomaji mmoja wa Kimara kanitumia tokeni ya umeme wa LUKU, tarakimu zote 20, anauliza kama ni namba tasa. Kwanza aliibandika kwenye Excel, ikaishia na sifuri tano, akahitimisha kwamba inagawanyika kwa 10. Tokeni yenyewe inaishia na 7! Excel hutunza tarakimu 15 tu, zinazofuata huzigeuza sifuri. Hesabu za namna hii zifanyie kwenye Python, lugha ya kuandikia programu, haikati namba kamili hata iwe ndefu vipi. Ila kugawanya tumia //, maana / moja huleta desimali na tarakimu za mwisho zinapotea kimyakimya.

Tushike namba fupi kidogo: 4,294,967,297, yaani 2 kwa kipeo cha 32, jumlisha 1. Ni witiri, haiishii na 5. Tarakimu zake zinajumlika 59, basi kwa 3 haigawanyiki. Kwa 7, 11 na 13 usihangaike mara tatu. Zikizidishwa ni 1,001, kwa hiyo kata namba tatutatu ukianzia kulia (wanaoanzia kushoto ndio wanaopotea), kisha toa na kujumlisha kwa zamu: 297 − 967 + 294 − 4 = −380. Hakuna hata moja kati ya hizo tatu inayoigawa 380, basi namba nzima nayo haigawiki.

Kipeuo chake cha pili ni 65,536 na chembe. Namba tasa zilizo chini ya hapo ni 6,542, na kuzijaribu zote kwa kalamu ni adhabu. Mwanahisabati Euler, aliyeipasua namba hii mwaka 1732, alikuja kuonyesha kwamba kila kigawo chake tasa kikigawanywa kwa 64 lazima kibakishe 1. Basi unajaribu 193, 257, 449, 577, 641. Ya tano inaingia: 641 × 6,700,417. Fermat mwenyewe, mwanahisabati Mfaransa aliyezichunguza namba za aina hii, aliamini ni tasa.

Sasa mtego wenyewe. Andika kwenye Python pow(2, n-1, n), yaani baki la 2 kwa kipeo cha n−1 ikigawanywa kwa n, n ikiwa namba hii: utapata 1, na wengi hapo hutangaza utasa, kwa kuwa kila namba tasa iliyozidi 2 hutoa 1. Ndugu zangu, kupita jaribio si kuwa tasa. Hapa 2 kwa kipeo cha 32 inabakisha −1 (imepungua 1 tu ili iwe n), basi kwa kipeo cha 64 inabakisha 1, na n−1 ni kigawe cha 64. Ingepita tu, ina vigawo au haina. Weka 3 badala ya 2: jibu ni 3,029,026,160, si 1, na uongo umekamatwa.

Kwa tokeni yako ya tarakimu 20, tumia jaribio la Miller–Rabin, ambalo ni kali kuliko hilo la pow, kwa misingi 12 (namba zinazowekwa pale penye 2), yaani namba tasa zote kuanzia 2 hadi 37. Kwa urefu huo imethibitishwa kwamba halikosei. Ikianguka kwenye msingi mmoja tu, si tasa, hata kama vigawo vyake hujaviona.