Sindano ya kwanza haingoji picha

Barua za mwezi huu zimejaa homa ya uti wa mgongo. Naanza na swali ambalo halichoki kuniijia.

Kituo chetu cha afya hakina mashine ya CT ya kupiga picha ya ubongo, hospitali yenye nayo iko mwendo wa saa tatu. Tukitanguliza antibayotiki, hatutaharibu majibu ya maabara? (Tabibu, Kilindi)

Tangulizeni. Homa, kichwa kikali, shingo iliyokakamaa, fahamu zinayumba: seftriaksoni, antibiotiki ya sindano, iingie ndani ya saa moja tangu mgonjwa afike, na kwenu maana yake ni kabla gari la rufaa halijaondoka. Mtu mzima gramu 2 kwenye mshipa, kila saa 12. Mtoto miligramu 100 kwa kilo kwa siku, zisizidi gramu 4. Kichanga ana utaratibu wake. Mshipa ukikosekana, chomeni kwenye msuli. Mkiwa na chupa ya kuoteshea damu, chukueni damu kwanza. Mkiwa hamna, endeleeni. Baada ya dozi bakteria huenda wasiote, lakini chembe na protini kwenye maji ya uti hubaki zimevurugika kwa siku kadhaa, kwa hiyo maabara bado itakuwa na la kusema.

Nikiwa daktari wa mafunzo kazini nilimpokea kijana mwenye barua nzuri ya rufaa: "inashukiwa homa ya uti wa mgongo." Saa sita za barabarani na za foleni ya picha zilikuwa zimepita, na hakuna aliyemchoma hata sindano moja. Alifariki usiku uleule. Hadi leo nikishika barua ya rufaa natafuta kwanza saa ya dozi. Iandikeni.

Picha kabla ya kutoa maji ya uti nayo haihitajiki kwa kila mtu. Wa kuogopewa ni yule ambaye fahamu zinashuka, mboni hazilingani, upande mmoja umelegea, degedege limemshika, au presha inapanda huku mapigo yakipungua. Huyo msimchome mgongoni kabla ya picha. Inueni kichwa cha kitanda nyuzi 30, shingo inyooke, apate oksijeni, mpimeni sukari.

Kipimo cha haraka cha malaria kimesoma chanya. Tuache seftriaksoni?

Msiache! Kwetu mtoto anaweza kutembea na vimelea vya malaria huku kinachomuua ni uti wa mgongo. Atesuneti ya malaria na seftriaksoni, vyote viwili. Nimelijibu hili mara nyingi mno, na bado watoto wanapoteza siku nzima.

Manitoli tumpe kiasi gani? (Muuguzi, Kitui)

Dawa hii ya kupunguza presha ndani ya kichwa, ile ya 20%: gramu 0.5 hadi 1 kwa kilo, kwa dakika 15 hadi 20. Mtu wa kilo 50 ni mililita 125 hadi 250. Chupa ikiwa na chengachenga, ipasheni moto ziyeyuke, ipoe kwanza ndipo mtumie. Mwenye presha ya chini au asiyetoa mkojo asipewe. Manitoli huwanunulia saa chache tu za kumfikisha panapostahili. Anayeumwa kichwa tu haimhusu.

Dripu ya dekstrozi 5% peke yake inafaa?

Haifai, maji yake huzidisha uvimbe wa ubongo. Tumieni salini 0.9%, yaani maji ya chumvi, na sukari ikishuka mtoto apate dekstrozi 10%, mililita 5 kwa kilo. Msimmiminie mtoto maji kwa kasi kwa mazoea: utafiti wa FEAST wa Kenya, Uganda na Tanzania, uliochapishwa 2011, ulikuta watoto wenye homa kali na mzunguko hafifu wa damu waliomiminiwa hivyo walikufa wengi zaidi.

Anahangaika sana kitandani. Diazepamu imtulize?

Kama hana degedege, hapana. Itamlaza, nanyi hamtajua tena kama fahamu zake zinashuka.

Mgonjwa wa VVU, kichwa wiki tatu, sasa haoni vizuri. Manitoli na deksamethasoni havijamsaidia. (Mbeya)

Acheni vyote viwili leo. Mpimeni antijeni ya fangasi wa kriptokoka kwenye damu. Utafiti uliochapishwa 2016, ambao Uganda na Malawi zilishiriki, ulisimamishwa kwa sababu deksamethasoni iliwadhuru wagonjwa wa namna hii. Presha ya ndani ya kichwa chake hushushwa kwa kutoa maji mgongoni, maadamu hana dalili za upande mmoja: ikizidi sentimita 25 za maji kwenye kipimo, toeni hadi ishuke chini ya 20 au ifike nusu, na kichwa kikirudi kesho mrudie. Ndugu wakikataa wakiamini sindano ya mgongo ndiyo inayoua, kaeni nao chini, muwaeleze kwamba macho yake yanategemea sindano hiyo.